Mtoto ni wa Nani? Ndoa na Uzazi katika Hadithi Fupi za Ogot, Aidoo na Head

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiafrika, hadithi fupi imekuwa kama mgeni aliyekaribishwa barazani bila ya kuingizwa ndani. Riwaya huandikiwa vitabu vizima. Tamthilia huchambuliwa pamoja na jukwaa lake. Ushairi una wajuzi wake ambao hawakubali kuguswa vina na mizani bila ya kutoa hukumu. Hadithi fupi aghalabu hutajwa kwa kupita tu, kama mazoezi aliyoyafanya mwandishi kabla ya kuandika kazi yake kubwa. Dharau hii inazidi pale ambapo hadithi yenyewe inahusu jikoni, kitanda cha uzazi na mashauri ya talaka, yaani mambo ambayo mhakiki aliyezoea kutafuta historia ya taifa huyaona kuwa ni mambo ya nyumbani.

Katika muda usiozidi muongo mmoja ilichapishwa mikusanyo mitatu ya hadithi fupi ambayo inatosha kuibatilisha dharau hiyo. Wa kwanza ni Land Without Thunder wa Grace Ogot, uliotolewa Nairobi mwaka 1968. Wa pili ni No Sweetness Here wa Ama Ata Aidoo wa Ghana, uliotoka mwaka 1970. Wa tatu ni The Collector of Treasures wa Bessie Head, mwandishi aliyezaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1937, akahamia Botswana mwaka 1964 na kuishi Serowe hadi alipofariki mwaka 1986. Huu ulichapishwa mwaka 1977. Waandishi hawa walitoka katika pembe tatu za bara, katika jamii zenye taratibu tofauti za ukoo na mahari.

Usomaji uliozoeleka wa hadithi hizi ni wa namna mbili. Kundi moja la wasomaji huzichukua kuwa kilio cha mwanamke: humhesabu mume mbaya, pigo, talaka na machozi, kisha huamua kwamba dhamira ni ukandamizaji. Kundi la pili huzichukua kuwa ushahidi wa mila, na kumtumia mwandishi kama mpasha habari wa mtaalamu wa elimu-jamii. Makundi yote mawili yana kosa moja. Yanaichukulia hadithi kuwa ni kioo cha dirisha, kitu cha kutazamia tu mambo yaliyo upande wa pili. Makala haya yanashikilia rai nyingine. Hadithi hizi, kila moja kwa njia yake, zinauliza swali moja mahsusi: je, umama unaweza kusimama wenyewe pasipo kuegemea ndoa? Tena jibu halipatikani katika matukio pekee. Linapatikana zaidi katika namna ya kusimulia, yaani ni nani anayesema, anamwambia nani, na sauti ya nani imenyamazishwa.

Kuoa, kuolewa, kuozwa

Kabla ya kuzitazama hadithi zenyewe, inafaa lugha itangulizwe, maana msomaji wa Kiswahili anazo zana ambazo Kiingereza, lugha zilizoandikiwa hadithi hizi, hakina. Kitenzi cha Kiingereza cha ndoa hakibagui: mwanamume na mwanamke hukitumia kwa umbo lile lile. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wazazi huoza, na wawili wakipendana husemwa wameoana. Katika mnyambuliko wa kitenzi kimoja pana nadharia nzima ya ndoa: yupo mtenda, yupo mtendwa, na yupo mtu wa tatu anayewatendesha wote wawili. Wala mambo hayaishii hapo. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa au huachika. Na katika uzazi, ingawa mwanamke huzaa kwa kauli ya kutenda, msemo wa mitaani wa kwamba msichana fulani amezalishwa humrudisha upesi katika kauli ya kutendwa, mradi tu ndoa haipo.

Hata istilahi za utasa zina la kufunza. Neno mgumba, kwa asili yake ya ngeli, halina jinsia. Laweza kumtaja mume au mke. Lakini katika matumizi lawama yake humwangukia mwanamke karibu kila mara. Hii ina maana kwamba sarufi yenyewe haina hatia yote. Wasemaji wameichagulia upande. Kwa hiyo mfasiri anayetaka kuzileta hadithi hizi katika Kiswahili halazimiki tu kutafuta maneno. Analazimika, katika kila sentensi yenye ndoa ndani yake, kuamua ni nani mtenda. Uamuzi huo ni uhakiki tayari.

Ogot: harusi inayofanana na kafara

Grace Ogot, aliyeishi toka mwaka 1930 hadi 2015, alisomea uuguzi na ukunga nchini Uganda na Uingereza kabla ya kujulikana kama mwandishi na baadaye mwanasiasa. Si ajabu basi kwamba mwili wa mwanamke katika hadithi zake hauelezwi kwa haya wala kwa mapambo.

Hadithi yake iliyo mashuhuri kupita zote, The Rain Came, inasimulia ukame ulioikumba nchi na mfalme Labong'o ambaye ana wana wengi wa kiume na binti mmoja tu, Oganda. Imeaguliwa kwamba mvua haitanyesha mpaka binti huyo atolewe kafara kwa zimwi la ziwani. Wahakiki wengi wameisoma kama mgongano wa mapenzi ya baba na wajibu wa kiongozi. Usomaji huo si batili, lakini unamwacha Oganda mwenyewe nje ya hadithi inayomhusu. Tendo la fani lililo muhimu zaidi limo katika kipindi kile ambapo binti yuko nyumbani kwa bibi yake, anasikia minong'ono, na kudhani kwamba wazee wanajadili posa. Anawapima wachumba moyoni mwake; anajiuliza ni yupi aliyekubaliwa. Kumbe wazee wanajadili kifo chake.

Kinaya hiki hakikuwekwa kwa ajili ya kumtia msomaji huruma tu. Kinafanya kazi kwa sababu alama zote za nje za mambo mawili hayo ni zile zile: wazee kukutana kwa siri, jamaa kukusanyika, zawadi, mafuta, nyimbo, safari ya kuondoka nyumbani kwa wazazi bila ya kurudi. Oganda hakukosea kuzisoma ishara. Ishara zenyewe hazitofautiani. Mwandishi hasemi popote kwamba harusi ni kafara. Anaziweka taratibu mbili katika mavazi mamoja na kumwachia msomaji aone. Kwa Kiswahili jambo hili lingeweza kuelezwa kwa neno moja: Oganda anaozwa. Anaozwa ziwa badala ya mume, lakini kauli ya kitenzi haibadiliki, na mtendeshaji ni yule yule baba.

Mwisho wa hadithi umelaumiwa kuwa ni wa kingano mno. Mpenzi wake, Osinda, anamfuata, anamfunika kwa majani, wanatoroka, na mvua inanyesha. Lakini lawama hiyo haikutazama mpangilio wa matukio. Mvua inanyesha ingawa kafara haikutimia. Kama kafara ndiyo iliyokuwa sharti la mvua, basi hadithi imeliondoa sharti hilo kimya kimya, bila ya hotuba wala mjadala. Mzee anayesikiliza ataridhika kwamba mvua imekuja. Kijana anayesikiliza atajiuliza kulikuwa na haja gani ya kumtoa binti. Hadithi moja inawasemesha wasikilizaji wawili kwa wakati mmoja, na huo ndio ufundi wa masimulizi ya jadi ambayo Ogot aliyarithi kwa Waluo.

Udhaifu wa Ogot unaonekana zaidi anapohamia mjini. Katika Elizabeth, karani wa ofisi ya Nairobi aliyekwisha kuacha kazi kwingine kwa sababu ya mabosi wasiojizuia, anadhulumiwa kimwili na bosi mpya, anapata mimba ilhali mchumba wake yuko masomoni ng'ambo, na hatimaye anajinyonga nyumbani kwa bosi huyo. Mahali alipochagua kufia ni shutuma iliyo wazi kuliko barua yoyote, na hapo mwandishi ameona mbali. Hata hivyo, kifo hicho kinalikwepa swali ambalo hadithi imeliuliza. Je, Elizabeth angekuwa mama wa namna gani, na mtoto yule angekuwa wa nani? Katika hadithi za kale za Ogot msichana anaweza kutoroka na mvua ikanyesha. Katika Nairobi ya baada ya Uhuru hakuna kichaka cha kutorokea. Mwandishi hakuweza bado kumwazia mwanamke mwenye mimba pasipo mume ambaye anaendelea kuishi.

Aidoo: umama unaojengwa na midomo ya wanawake

Ama Ata Aidoo, aliyefariki mwaka 2023, aliwaza uwezekano huo. Yafaa ikumbukwe kwamba alitoka katika jamii ya Waakani, ambao mtoto wao hufuata ukoo wa mama. Msomaji wa Kenya, aliyezoea ukoo wa baba, angetarajia kwamba katika jamii hiyo mama aliyeachwa hana la kuogopa. Hadithi inayoupa mkusanyo jina lake inakanusha matarajio hayo. Maami Ama ana mwana mmoja tu, Kwesi, na mume mwenye wake wengine ambaye hamjali. Siku ya kuvunjwa ndoa, jamaa wa pande mbili wanaketi kubishana, na mtoto anakuwa miongoni mwa yanayobishaniwa. Wakati mashauri yanaendelea, Kwesi anaumwa na nyoka shuleni, na kufa.

Ikisomwa kwa harakaharaka, hadithi hii ni tanzia ya kawaida, na nyoka ni bahati mbaya iliyoingizwa ili kuwaliza wasomaji. Lakini msimulizi wake anafaa kuangaliwa kwa makini. Ni mwalimu wa kike, msomi, mgeni wa kijiji, ambaye mama yule humwita Chicha. Hana mume wala mtoto. Anampenda Kwesi kwa uzuri wake na anausema uzuri huo waziwazi, jambo linalomtia mama yake wasiwasi. Kwa hiyo ndani ya hadithi kuna wanawake wawili wanaomtazama mtoto mmoja: aliyemzaa na anayemfundisha. Baraza la talaka linawatambua mume na jamaa; halimtambui mwalimu hata kidogo. Lakini mwishoni mama anaonekana amepiga magoti, amekumbatia vitabu na sare ya shule ya mwanawe, yaani vitu vile ambavyo vilikuwa katika himaya ya mwalimu, na mwalimu ndiye shahidi pekee wa tukio hilo. Hapo ndipo hadithi inapotoa hukumu yake. Wazee waligombania haki juu ya mtoto. Huzuni juu yake ilibaki kwa wanawake wawili tu, ambao hakuna aliyewauliza neno.

Jina nalo lina la kusema. Katika Kiswahili cha Kenya mwanamke akishazaa jina lake humezwa: huwa Mama Fulani, na wako majirani wanaoishi pamoja miaka mingi bila ya kulijua jina lake jingine. Kijijini kwa Aidoo, mama huitwa Maami, lakini jina linalofuata ni lake mwenyewe, si la mwanawe. Maami Ama angebaki kuwa Maami Ama hata baada ya msiba. Mama Kwesi angebeba jina la maiti kila siku ya maisha yake. Mfasiri atakayefuata mazoea ya Kiswahili na kumwita Mama Kwesi ataifanya hadithi kuwa na ukatili ambao mwandishi hakuutia, au pengine atagundua ukatili uliomo katika lugha yake mwenyewe.

Umahiri mkubwa wa Aidoo, hata hivyo, umo katika Something to Talk About on the Way to the Funeral. Hadithi hii haina msimulizi. Ni mazungumzo matupu ya wanawake wawili walio njiani kwenda mazishini, wakimsengenya marehemu kwa mapenzi. Kutokana na maneno yao tunamjua Auntie Araba, mwoka mikate, ambaye katika ujana wake alitiwa mimba na mtu mwenye cheo na kurudi nyumbani na mwana, Ato. Ato naye anapokua anamtia mimba msichana, Mansa. Auntie Araba anamchukua Mansa nyumbani kwake na kumfundisha kuoka. Wanawake hao wawili wanapatana kuliko mama na binti. Ndoa iliyotarajiwa haifungwi, kwa sababu Ato amempa mimba msichana mwingine na analazimishwa kumwoa huyo. Mansa anaondoka, na kule aendako anafanikiwa kwa kazi ile ile ya mikate.

Tuna hapa mlolongo wa uzazi usiopitia ndoa hata mara moja: Auntie Araba hakuolewa na aliyemzalisha, Mansa hakuolewa na Ato. Kulingana na kanuni za wazee, nyumba hiyo ni nyumba ya aibu. Lakini kinachorithishwa humo ni ujuzi wa tanuri, kutoka kwa mwanamke hadi kwa mwanamke asiye wa damu yake. Mwana wa damu, aliyelelewa kwa kila kitu, ndiye aliyekuwa hasara. Methali ya Waswahili isemayo kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni onyo kwa wazazi wazembe. Aidoo anaipeleka mbali zaidi: kama kulea ndiyo kazi, basi aliyelea ndiye mama, na mkamwana anaweza kuwa mrithi pasipo harusi.

Na kwa nini mambo hayo yasemwe kwa mazungumzo? Kwa sababu baraza la wanaume lina lugha yake rasmi, na lugha hiyo haina neno la uhusiano wa Auntie Araba na Mansa. Uhusiano huo unaishi katika masengenyo tu. Aidoo ameyachukua masengenyo, ambayo wahubiri na washairi wengi wameyalaani, akayafanya kumbukumbu ya jamii. Wanaodai kwamba hadithi fupi ni utanzu wa kuazimwa kutoka Ulaya wanapaswa kuisoma kazi hii kwa sauti. Ni andiko linalosikika.

Head: mhadhara ndani ya hadithi

Ikiwa Aidoo anamwondoa msimulizi, Bessie Head anamsimamisha mbele ya watu na kumpa ruhusa ya kuhutubu. Katika hadithi iliyoupa mkusanyo wake jina, Dikeledi, ambaye jina lake maana yake ni machozi, anapelekwa gerezani kwa kumuua mumewe, Garesego, kwa kumkata sehemu za siri. Baada ya hapo msimulizi anarudi nyuma. Kisha anasimamisha masimulizi na kueleza kwa kurasa kadhaa namna mwanamume alivyopitia nyakati tatu: zama za kabla ya ukoloni, alipoishi chini ya mila zilizompa mwanamke nafasi ya chini; zama za ukoloni, kodi na kazi za migodi ya Afrika ya Kusini ziliposambaratisha familia; na zama za uhuru, ulioijia Botswana mwaka 1966, alipopata mshahara na cheo bila ya kuwa na kitu chochote moyoni cha kumwongoza.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni dosari ya fani. Hadithi fupi, watasema, haina nafasi ya mihadhara. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kuzimwa kwa kudai tu kwamba Waafrika wanapenda mawaidha. Jibu lililo bora linatokana na kitabu kingine cha Head, Serowe: Village of the Rain Wind, kilichotolewa mwaka 1981, ambamo amekusanya masimulizi ya wakazi wa kijiji hicho kwa sauti zao. Mwandishi aliyeyasikiliza hivyo maelezo ya watu juu ya historia yao hawezi kutenga kisa na sababu yake. Katika baraza la kijiji, mtu anayeeleza kosa haanzi na kosa. Huanza na yaliyotangulia kosa. Mahakama iliyomhukumu Dikeledi iliyapima mauaji. Msimulizi anaisikiliza kesi upya, na mhadhara ule ndio ushahidi ambao mahakama haikuutaka.

Wakati huo huo, mhadhara unamwekea msomaji mtego. Baada ya kuelezwa kwamba historia imewaharibu wanaume, anatarajia kwamba Garesego atasamehewa kwa kuwa ni zao la mfumo. Msimulizi hamsamehi. Anasisitiza kwamba pamoja na historia hiyo walikuwako wanaume wa namna mbili, na kumleta jirani, Paul Thebolo, aliyepitia historia ile ile akatoka akiwa mtu mwema. Yaani mfumo unaeleza, lakini hauondoi dhima. Wahakiki wetu wa mkabala wa kijamii, ambao mara nyingi huridhika wakishalitaja jina la mfumo, wana la kujifunza hapa.

Kuhusu umama, Head anafika mahali ambapo Ogot na Aidoo hawakufika. Dikeledi aliachwa na watoto watatu wa kiume akawalea kwa mikono yake: kushona, kufuma, kuezeka nyumba kwa nyasi. Umama wake ni kazi, tena kazi ya mikono iliyoelezwa kwa usahihi wa fundi. Mgogoro unaanza pale mwanawe mkubwa anapofaulu mtihani wa shule ya msingi na fedha za karo kupungua. Mume anaombwa asaidie. Jibu lake ni kumshuku mke kwa jirani, kisha kudai haki ya kitanda. Hadithi inaonyesha kwa ukali kwamba sheria ya ndoa ilimpa Garesego haki juu ya mwili wa mke pasipo kumdai chochote juu ya watoto. Mauaji yanazitenganisha haki hizo mbili kwa kisu.

Na baada ya mauaji, nani atakayewalea watoto? Paul anaahidi kuwalea na kuwasomesha kama wanawe. Kwa hiyo umama, uliokwisha tengwa na ndoa, sasa unatengwa hata na mwanamke: anayelea anaweza kuwa mwanamume, tena asiye na damu nao. Ni hatua ya ujasiri. Lakini ni hapa pia ambapo hadithi inayumba, kwa sababu Paul ni mwema kupita kiasi. Hana kasoro, hana uchovu, hasemi neno baya. Garesego ana mwili na harufu. Paul ni rai iliyovishwa shati. Mwandishi alihitaji mwanamume wa namna hiyo ili hoja ikamilike, na haja hiyo inaonekana. Katika Snapshots of a Wedding, iliyo fupi na isiyo na mhadhara, amefanikiwa zaidi: kijana mmoja amewapa mimba wasichana wawili, anamwoa aliyesoma kwa sababu ya mshahara wake, na yule asiyesoma anaridhika na fedha za kila mwezi za kumtunza mtoto. Harusi inafanywa kwa fahari zote. Aliyeolewa ndiye mwenye huzuni, asiyeolewa anacheka. Hakuna aliyeuawa, hakuna aliyehutubu, na ndoa imehukumiwa.

Mukami na njia ya kurudi nyumbani

Ili kuona uzito wa waliyoyafanya wanawake hawa, inafaa walinganishwe na Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye sehemu ya kwanza ya mkusanyo wake Secret Lives, uliochapishwa mwaka 1975, inahusu akina mama na watoto. Katika hadithi ya Mugumo, Mukami asiye na mtoto anamkimbia mumewe anayempiga, analala chini ya mugumo, mti mtakatifu wa Wagikuyu, na kutambua kwamba ana mimba. Anarudi nyumbani. Ni hadithi iliyoandikwa kwa uzuri, na huruma yake kwa mwanamke asiyezaa ni ya kweli. Lakini muundo wake unasema jambo bayana: mimba ndiyo inayoitengeneza ndoa. Vipigo havikujadiliwa, vimefutwa na habari njema. Kwa Ngũgĩ, umama ni njia ya kurudi nyumbani. Kwa Aidoo na Head, ni njia inayoweza kwenda pengine. Tofauti hiyo si ya ufundi, maana wote ni mafundi. Ni tofauti ya swali lililoulizwa.

Hadithi hizi na idara za Kiswahili

Inaweza kuulizwa: hadithi zilizoandikwa kwa Kiingereza zinaihusu nini idara ya lugha za Kiafrika? Jibu la kwanza limetolewa na Ogot mwenyewe, ambaye katika miaka ya 1980 aliandika kwa Kijaluo vitabu kama Ber Wat, cha mwaka 1981, na Miaha, cha mwaka 1983. Alionyesha kwa vitendo kwamba Kiingereza kilikuwa kituo, si mwisho wa safari.

Jibu la pili linahusu fasihi ya Kiswahili moja kwa moja. Suala la ndoa na uzazi si geni kwake. Miongoni mwa tungo zake mashuhuri za karne ya 19 ni utendi wa Mwana Kupona, mama aliyemtungia binti yake mawaidha ya unyumba mnamo mwaka 1858. Katika zama zetu, mimba ya nje ya ndoa imeshughulikiwa na Penina Muhando katika tamthilia ya Hatia, 1972. Maangamizi ya msichana katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971. Na unyanyasaji wa nyumbani katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980. Lakini hizi ni tamthilia na riwaya. Hadithi fupi ya Kiswahili, ambayo sasa imepata hadhi kwa kutahiniwa katika shule za upili za Kenya kupitia mikusanyo kama Damu Nyeusi, 2007, na Tumbo Lisiloshiba, 2016, bado mara nyingi humwacha mwanamke asimuliwe na mwingine. Mke Wangu ya Muhammed Said Abdulla, iliyomo katika Damu Nyeusi, ni mfano mzuri: ni kichekesho chenye akili, mume akijicheka mwenyewe kwa kudhani kwamba anaweza kumfinyanga mke apendavyo. Lakini anayesimulia kushindwa huko ni mume yule yule, na kimilikishi kilichomo katika anwani hakijaondolewa.

Basi lililo mbele ya idara zetu ni kazi mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni tafsiri. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza leo kuhitimu bila ya kumkuta Auntie Araba wala Dikeledi, kwa sababu wamewekwa katika idara ya jirani, chini ya lugha ya jirani. Wakifasiriwa, Kiswahili kitalazimika kuamua palipo na kuolewa na palipo na kuoana, palipo na mama wa kuzaa na palipo na mama wa kulea, na katika kuamua huko kitajifahamu zaidi. Kazi ya pili ni ya uhakiki: kuacha kuuliza tu mwanamke amesawiriwaje, swali ambalo limekwisha kujibiwa katika tasnifu nyingi kwa jibu moja, na kuanza kuuliza ni nani aliyepewa zamu ya kusema. Mwana Kupona alisema mwenyewe, tena akiwa mgonjwa, akimwita binti yake aje karibu na wino na karatasi. Ni zaidi ya miaka 160 tangu hapo, na utanzu wa hadithi fupi ya Kiswahili bado una nafasi kubwa tupu mahali alipoketi.